Bwawa la Nairobi: Gugumaji si Mkosaji

Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, si mhandisi wa maji, na huenda msomaji akashangaa kuniona nikizungumzia mabomba ya majitaka katika jarida ambalo aghalabu hujaa mijadala ya istilahi, arudhi na uhakiki. Kilichonisukuma kuandika ni insha moja ya mtoto wa shule.

Kwa muda fulani nilikuwa nikijitolea kufundisha Kiswahili siku za Jumamosi katika shule moja ya kijamii huko Kibera. Siku moja niliwapa wanafunzi wa Gredi ya Sita insha ya maelezo juu ya bwawa. Nilitarajia yale ambayo sisi walimu tumeyazoea na ambayo, kusema kweli, sisi wenyewe ndio tuliowazoesha watoto: maji maangavu kama kioo, upepo mwanana, ndege wakiimba na jua likizama nyuma ya vilima. Wengi waliniandikia hayo hayo. Mtoto mmoja wa kijiji cha Silanga hakufanya hivyo. Aliandika kwamba bwawa ni shamba kubwa la kijani ambalo halina mwenyewe, ambapo watu hulima nduma na miwa kandokando, na kwamba mtu asiyejua njia akikanyaga katikati huzama. Aliongeza kwamba mama yake amemkataza kupita huko baada ya mvua. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni: "Hujaelewa neno bwawa." Nikampa alama tisa kwa arubaini.

Jioni ile, nikitembea kurudi chumbani kwangu, nilipitia ukingoni mwa Bwawa la Nairobi. Nilikuwa nimepita hapo mara nyingi bila kulitazama. Lilikuwa kama mtoto yule alivyoliandika, neno kwa neno.

Isitoshe, nilipofika nyumbani nilifungua kamusi. Sisi tuliosoma Kiswahili cha shuleni hulichukulia neno bwawa kuwa maji mengi yaliyozuiwa kwa ukuta, lakini maana yake ya zamani, ile iliyoingizwa katika kamusi za awali, ni kinamasi, yaani ardhi ya tope na majani inayomeza miguu. Kwa hiyo mtoto alikuwa sahihi kwa mujibu wa macho yake na kwa mujibu wa historia ya lugha, na aliyekosea ni mwalimu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni vipi maji yaliyokingwa kwa kazi ya binadamu yakarudi kuwa kinamasi katikati ya mji mkuu, mji ambao jina lake lenyewe latokana na maneno ya Kimaasai yanayotaja maji baridi.

Bwawa hili lilijengwa mwaka 1953 kwa kuukinga Mto Motoine, ili liwe akiba ya maji ya matumizi ya mji wakati wa dharura. (Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa nchini Oktoba 1952, na kwa Mwafrika aliyeishi Nairobi siku zile neno dharura lilikuwa na uzito ambao hausemeki kwa hesabu ya galoni.) Lilienea kiasi cha ekari 88. Fauka ya kuwa akiba ya maji, lilikuwa mahali pa burudani: watu walivua samaki kwa ndoana, na mwishoni mwa juma mashua za matanga zilishindana hapo. Ndiyo, mashua za matanga, Nairobi, hatua chache kutoka Kibera. Mimi sikuziona. Mzee mmoja wa Kinubi, ambaye watu wake wameishi Kibera tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini na ndio waliolileta jina Kibra lenye maana ya msitu, aliniambia kwamba utotoni mwake walikuwa wakikaa ng'ambo na kuzihesabu. "Mwalimu, nyeupe tupu," alisema, "kama korongo." Nilimuuliza kama aliwahi kupanda mojawapo. Alicheka sana, kisha akanikaribisha chai.

Kicheko hicho ningependa tukiweke akilini, maana wako watu wanaolililia bwawa la zamani kana kwamba lilikuwa la wote. Halikuwa la wote. Waliocheza juu ya maji walikuwa wachache, na waliotazama walikuwa wengi. Hata hivyo, maji yalikuwapo, na samaki walikuwapo, na mtoto wa Kibera aliyeulizwa bwawa ni nini angaliweza kujibu kwa kunyoosha kidole tu.

Yaliyofuata husimuliwa kwa namna moja kila mahali. Husemwa kwamba miaka ya tisini gugumaji lilivamia bwawa na kuliua. Simulizi hii ina mvuto wake kwa sababu ina adui aliyetoka mbali: mmea wa Amerika Kusini wenye maua mazuri ya zambarau, ulioleta maafa pia katika Ziwa Viktoria katika mwongo huo huo. Katika fasihi tungesema kwamba mhusika huyu amesawiriwa bapa mno, akabebeshwa uovu wote ili wahusika wengine wapumue.

Tulichunguze basi gugu lenyewe. Mmea huu hula naitrojeni na fosforasi. Katika maji safi hudumaa. Katika maji yaliyojaa kinyesi, mkojo, sabuni na taka za jikoni hunenepa, na unaweza kujizidisha maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi. Hufunika uso wa maji, jua lisipenye; majani yanayokufa huzama na kuoza, na uozo huo huimaliza oksijeni ambayo samaki wangaliivuta. Mabaki hulundikana chini pamoja na udongo na plastiki vinavyoletwa na mto, kina kikapungua mwaka baada ya mwaka, hadi pale palipokuwa na maji pakawa na tope, na juu ya tope pakaota nduma. Kwa ufupi, gugumaji ni mgeni aliyekuta meza imeandaliwa. Maadamu meza ipo, unaweza kumfukuza mgeni huyu leo kwa mapanga na matrekta, naye atarudi kabla wafanyakazi hawajalipwa. Ndiyo maana sioni ajabu kwamba juhudi za kuling'oa zilizokwisha kufanywa hazikufua dafu.

Basi ni nani aliyeandaa meza? Hapa kidole huelekezwa Kibera upesi sana, na sitaki kuwa mnafiki: uchafu wa Kibera huingia katika Motoine na Motoine huingia bwawani. Nimeuona kwa macho yangu na nimeunusa. Kabla ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Agosti 2017, ile mifuko iliyotumiwa usiku badala ya choo na kurushwa nje ilikuwa habari ya kila siku. Lakini swali la mwanafunzi yeyote wa fasihi ya kijamii ni hili: mtu asiye na choo aende wapi? Ardhi ya Kibera ilihesabiwa kwa miongo mingi kuwa ya serikali, na waliojenga juu yake wakahesabiwa kuwa wapo pale kwa muda tu. Kwa kuwa walikuwa wa muda, hakuna aliyeona haja ya kuwatandazia mabomba ya majitaka. Muda huo sasa umepita miaka mia moja. Wanubi walipewa hatimiliki ya ekari 288 mwaka 2017, vizazi na vizazi baada ya babu zao kulala katika makaburi ya hapo hapo. Ukimnyima mtu bomba kwa hoja kwamba kesho ataondoka, na kesho isifike kwa karne nzima, uchafu wake si siri yake peke yake.

Tena tusiishie Kibera. Motoine hautokei Kibera. Hutoka upande wa Dagoretti, hupita msitu wa Ngong Road na kando ya uwanja wa mbio za farasi, hukutana na mitaa ya watu wenye nyumba za mawe na magari, na kila mahali hapo hupewa kitu cha kubeba. Kuzunguka bwawa lenyewe kumeota majumba ya kifahari kwa kasi inayoshindana na ya gugu. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilitufundisha jinsi ardhi ya umma nchini ilivyogawiwa kama njugu. Sitataja ploti ya mtu. Nasema tu kwamba anayekaa ghorofa ya nne akitazama kinamasi na kuwalaani watu wa Silanga, afadhali kwanza aulize bomba la choo chake linaishia wapi.

Ipo sababu nyingine, ambayo sisi tunaofungua mfereji bila kufikiri hatuipendi. Mwaka 1956 Nairobi ilipata Bwawa la Sasumua kule Kinangop, na mwaka 1994 likakamilika Bwawa la Ndakaini huko Gatanga, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, ambalo hadi leo hutupatia sehemu kubwa ya maji tunayokunywa. Mji ulipopata maji ya mbali uliacha kuyachunga ya karibu. Sioni sadfa katika kwamba Ndakaini lilianza kutumika katika mwongo ule ule ambao Bwawa la Nairobi liliachiwa magugu. Lau tungalikuwa bado tunayanywa maji ya Motoine, sidhani kwamba diwani, waziri na profesa wangalikubali yageuzwe choo. Mambo yalipokuwa hayamgusi mkubwa kinywani, yaliachwa.

Na Ndakaini nalo lilitukumbusha mwaka 2017 kwamba mbali si salama daima. Mvua zilikosekana, kina kikashuka, na kuanzia Januari mwaka huo mji ukaanza kugawiwa maji kwa zamu. Nakumbuka foleni za mitungi kwenye mabweni. Wakati huo huo, ekari 88 zilizotengwa mahsusi kwa ajili ya siku kama hizo zilikuwa zimelala kusini mwa mji, zimejaa tope.

Wengine watasema: yaliyokufa yamekufa, tufunike kwa udongo, tujenge nyumba. Nimeisikia hoja hii hata miongoni mwa wanafunzi wenzangu. Wanaoitoa wanasahau kwamba maji hayakufa, yanapita. Motoine ukishatoka bwawani huitwa Mto Ngong, hupita Eneo la Viwanda na Mukuru, huungana na Mto Nairobi, na wote huingia Mto Athi. Athi huteremka hadi Ukambani, ambako ujenzi wa Bwawa la Thwake ulianza mwaka 2018, bwawa lililosanifiwa kushika mita za ujazo milioni 688, sehemu yake ikiwa ya watu wa Makueni na Kitui kunywa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amekwisha kuonya kuhusu uchafu unaolifuata bwawa hilo kutoka Nairobi. Kutoka hapo mto hukata Tsavo, huitwa Galana, kisha Sabaki, na humwaga maji baharini kaskazini ya Malindi. Sisi tunaopeleka makala yetu kwenye makongamano ya pwani kusifu utamaduni wa Waswahili, basi tujue kwamba tunawatumia na zawadi nyingine kwa njia ya mto.

Kwa hiyo bwawa linalojengwa Thwake na lile lililokufa Nairobi yamo kwenye uzi mmoja wa maji, na tukilichukulia la kwanza kuwa historia tu, la pili litarithi ugonjwa wake. Hilo ndilo linaloniogofya kuliko kupotea kwa mashua.

Ni haki kusema kwamba serikali haijalala kabisa. Tangu mwaka 1999 mipango ya kusafisha mito ya Nairobi imekuja na kwenda. Marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira alionyesha kwamba mto unaweza kuonekana kuwa mto, na bustani yenye jina lake ipo pale karibu na katikati ya mji kushuhudia. Tume ya Mito ya Nairobi iliundwa mwaka 2022, na mwaka 2025 ukazinduliwa mradi mkubwa wa kuihuisha mito hii. Wasiwasi wangu upo kwenye mpangilio wa kazi. Ninavyoona mimi, kazi huanzia pale panapopigwa picha vizuri: kuzoa takataka ukingoni, kupanda miti, kuwaondoa watu. Mabomba yaliyo chini ya ardhi hayapigwi picha.

Juu ya kuwaondoa watu sharti niseme neno. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua watu wengi Nairobi, na baada yake matingatinga yaliingia Mathare na Mukuru kubomoa nyumba za waliokaa kandokando ya mito, kila familia ikiahidiwa shilingi 10,000. Siwezi kumshauri mtu akae pale ambapo maji yatamchukua usiku, na sitetei nyumba iliyosimama ndani ya mkondo. Lakini shilingi 10,000 hazipati chumba chenye choo katika mji huu kwa zaidi ya miezi michache. Aliyebomolewa ukingo huu huhamia ukingo mwingine, na uchafu wake humfuata kwa sababu kule nako hakuna bomba. Tena bwawa lililojaa tope haliwezi kupokea gharika kama lilivyopokea lilipokuwa na kina, kwa hiyo wanaolaumiwa kwa kujaza bwawa ndio hao hao wa kwanza kuingiliwa na maji likifurika. Usiku mmoja wa mvua zile yule mzee wa Kinubi alinipigia simu, nikaenda na wanafunzi wenzangu wawili kumsaidia kuinua vitu. Tulivuka maji yaliyofika magotini, na sitayaeleza hapa yaliyokuwa yakielea. Aliyetutangulia kwa tochi, akitusihi tusikanyage kushoto, alikuwa ni yule mtoto niliyempa tisa kwa arubaini.

Ombi langu kwa wenye mamlaka linahusu utaratibu. Mabomba kwanza: mifereji mikuu ya majitaka ishuke pande zote mbili za Motoine kuanzia juu, iunganishwe na vyoo vya Kibera na vya majumba ya kifahari bila kubagua. Wenye viwanja waliomega eneo la bwawa wapimiwe kwa kipimo kile kile kilichotumiwa Mathare. Maji yakishaacha kuwa chakula cha gugu, hapo ndipo pesa za kuchimba tope na kung'oa mimea zitakuwa na maana. Sidai kwamba bwawa hilo litarudi kunywewa. Litoshe kuwa maji yanayopokea mvua ya masika, yenye samaki, na yenye njia ya kutembea ukingoni.

Njia hiyo isiwe na lango la kulipia. Nalisisitiza hili kwa sababu naijua tabia yetu: mahali pakishapendeza hujengwa ua, kibanda cha tikiti na hoteli, na mtoto wa Silanga hurudi pale pale alipokuwa babu yake, ng'ambo, akihesabu mashua. Jina Silanga lenyewe, kwa wasiolijua, hutumiwa Ukambani na kwingineko nchini kwa maana ya bwawa la kuchimbwa. Wakazi wa pale wanaishi ndani ya neno hilo. Ni ajabu kuwatoza kiingilio.

Wanachama wenzangu wanaweza kuuliza chama cha Kiswahili kina nafasi gani katika haya. Ninayo mawili. La kwanza, tunaotunga vitabu vya mazoezi na kusahihisha insha tuache kuwadai watoto mandhari ambayo tumewanyima. Mwanafunzi aandike bwawa analoliona, na apewe alama kwa usahihi wa jicho lake. Nilimrudishia yule mtoto insha yake ikiwa na thelathini na mbili. Nane nilizikata kwa sababu ya tahajia, na hizo sizirudishi. La pili, tarehe 22 Machi ni Siku ya Maji Duniani. Badala ya kukaa ukumbini kusikiliza hotuba, napendekeza twende Silanga na kuwaomba watoto watusomee insha zao pale ukingoni, na tuwaalike wahandisi wa kampuni ya maji na wawakilishi wadi waje kusikiliza. Nimekwisha kuzungumza na mzee wangu, naye amekubali tuanzie kwake. Atakayekuja avae gambuti, na asikanyage kushoto.